Mbwa Wawili wa Nyuma

Hapa Gulfton, mtaa wetu wa Houston, joto limebana, kiyoyozi kinanguruma dirishani, lakini siku moja ya baridi haijawahi kunitoka moyoni. Mwanangu Ferdinandi, weka simu chini kidogo. Baba yako angekuwa hai angekuambia yeye. Kwa kuwa hayupo, nasema mimi kaka yake.

Nilikuwa bado na nguvu za ujana. Tulipotolewa kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, wenzetu wengi waliletwa huku Texas, mimi nikapelekwa Alaska. Mrundi wa Alaska! Watu walicheka, nami nikacheka nao. Nikapata kazi ya kutunza mbwa wa mzungu mmoja, Walter, aliyekuwa akiwatembeza watalii kwa sleji, kile kigari cha mbao kisicho na magurudumu kinachokokotwa na mbwa juu ya theluji.

Nilidhani mbwa hufungwa tu, wakakimbia. La, kila mmoja ana nafasi yake. Mbele kabisa yuko kiongozi, anayesikia sauti ya mwenye sleji na kuitafuta njia. Nyuma yake wapo wanaoupindisha msafara kwenye kona. Katikati ni wavutaji, kazi yao nguvu tu. Mwisho kabisa, karibu waguse sleji, wapo wawili wanaobeba uzito. Sleji ikikwama, wao ndio huumia kwanza. Wawili wetu walikuwa ndugu, wakubwa, wabaya wa sura, wapole ajabu. Niliwaita Jembe na Sururu. Hakuna mtalii aliyewahi kuwapiga picha.

Kiongozi alikuwa jike mzee niliyemwita Bibi. Walter akamrudisha safu ya pili, mbele akamweka Prince, dume kijana, mweupe, mwenye macho ya buluu. Wageni walimpenda, wakamsifu Walter kwa mbwa wake mzuri. Na mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Asubuhi moja, majira ya baridi yakielekea kuisha, tulitoka bila wageni, kuwazoeza tu. Walter alikuwa kwenye sleji, mimi nikifuata kwa pikipiki ya theluji. Tulipofika kwenye mto ulioganda, Bibi akagoma. Akakaa kitako, wenzake wakawa wanamburuta.

"Walter, ngoja!" nikapiga kelele. "Bibi amekataa!"

"Bibi kazeeka. Twende, Prince!"

Prince akaenda. Mbwa ni wepesi, barafu iliwabeba. Sleji ilipofika ndipo barafu ikapasuka. Sleji ikazama pamoja na Walter, ikawavuta Jembe na Sururu. Wale wa mbele wakang'ang'ania juu, kucha zikikwaruza. Nililala kifudifudi, nikamrushia Walter kamba, nikamtoa. Alipopata pumzi akachomoa kisu.

"Hao wawili bado wazima!" nikamwambia.

"Nisipokata kamba yao, watakwenda wote."

Huenda alisema kweli, sijui. Alikata. Sururu alikuwa ananitazama. Hakulia. Walifundishwa kuvuta wale, na hata ndani ya maji miguu yao ilikuwa inavuta.

Walter akamkumbatia Prince, akasema, "Mungu ashukuriwe, kiongozi yuko salama." Maneno hayo, mwanangu, yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Jioni aliwasimulia wageni jinsi alivyowaokoa mbwa wake, wakampigia makofi. Prince aliendelea kuongoza. Bibi hakukubali tena kuvishwa kamba. Mimi niliaga, nikaja Texas kwa shangazi yetu mjini Carrollton, kisha huku Houston.

Kwa nini nakueleza leo? Jumapili baada ya misa ulinijia umejaa furaha. "Baba mkubwa, wameni-promote. Sasa mimi ni team lead, nasimamia wenzangu ghalani." Nikakubariki, nikasema jina la baba yako limeinuka. Jana Mama Yolanda, mmoja wa hao unaowasimamia, alianguka ndani ya trela la mizigo kwenye ghala lenu la Stafford, katika joto hili la Agosti. Figo zimedhurika, amelazwa, na kwenye mashavu yake machozi yamekauka chumvi. Alikuomba apumzike. Ukamjibu, "Tuna target ya mizigo, mama." Nami nilipotoka kumwona hospitalini, swali lako la kwanza kwangu lilikuwa kama ataku-report kwa wakubwa.

Usiniambie wakubwa wako walikusukuma. Prince naye alisukumwa. Wapiganapo tembo nyasi huumia, ndiyo, lakini wewe si nyasi tena, mwanangu. Umekubali kusimama mbele.

Basi sikia. Cheo ni dhamana. Aliyetangulia hupita penye barafu nyembamba na asijue, kwa kuwa uzito hakuubeba yeye. Kabla ya kuvuka, geuza shingo. Mtazame aliyefungwa nyuma kabisa, yule asiyepigwa picha, umuulize anaendeleaje. Na mtu mzima akikaa chini akasema hapana, usimwambie amezeeka. Leo hii nenda kwa Mama Yolanda. Nenda hata mikono mitupu, ila usiende na maneno ya kujitetea. Piga magoti umwombe radhi mbele ya watoto wake. Kesho uingie mwenyewe kwenye lile trela, ushushe mizigo mpaka shati lilowe, ndipo uwaambie wakubwa wako target hiyo inawezekana au haiwezekani.

Asipopona, sitakuwa na la kukuambia.

Mungu akupe sikio la kuwasikia walio nyuma yako, na mabega ya kubeba pamoja nao. Akupandishe, mwanangu, lakini asikupe kamwe cheo kitakachomzika mama wa mtu. Amina.