Kelele za Pikipiki Nyumbani kwa Mkwe

Mke wangu alijifungua salama, mtoto wa kike, kisha homa ikamshika akiwa bado kitandani hospitalini Tabora. Hakutaka uji, hakutaka maji. Alimtaka mama yake. Mama yake alikuwa kijijini Puge, na harusini kwetu hakuja, maana binti aliyebatizwa na mapadri aliolewa na mimi, Mwislamu wa mtaa wa Gongoni mwenye grisi kwenye kucha.

"Nenda kamlete mayu," aliniambia. Kwao mama ni mayu. "Asipokuja, nitajua hajanisamehe."

Enzi hizo za Mwingereza basi la kwenda huko lilipita lilipojisikia, kwa hiyo tajiri wangu wa duka la baiskeli akaniazima pikipiki yake. Niliondoka alfajiri nikaifuata njia ile waliyopita wapagazi wa zamani, mchanga mtupu kwa sehemu kubwa, na chombo kikanguruma vizuri mpaka uani kwa mkwe wangu.

Mimi mtoto wa mjini sikuzijua mila za huko kwa undani, ila wazee wa mtaani walikuwa wamenifunda: mama mkwe hatazamwi usoni, hasemeshwi ana kwa ana, hapewi mkono, hapokewi kitu mkononi, na akikaribia, wewe unaondoka. Nilidhamiria nisikosee hata kidogo. Nilisimama nyuma ya ghala, nikasema shikamoo nikiwa nimeligeuzia ghala uso wangu, na marahaba ikatoka ndani ya nyumba. Jirani mmoja mwanamke akawa anapeleka maneno na kurudisha. Nikaeleza habari za mgonjwa. Jirani akaingia, akakaa sana, akarudi.

"Anasema mguu unamuuma. Hawezi safari."

Niliona ni kisingizio. Mtu ana binti mahututi, yeye analeta habari za mguu! Nilikasirika, lakini hasira za mkwe humezwa. Nikakaribishwa ugali ndani ya nyumba ya pili, nikala haraka, nikatoka kuwasha pikipiki nirudi zangu. Jirani alikuwa ameshakwenda shambani kwake.

Nikapiga kiki. Kwang.

Nikapiga tena. Kwang, kwang, kama sufuria iliyoangushwa. Asubuhi haikuwa na mlio huo. Nikashuka, nikausukuma mtaimbo wa kiki kwa mkono taratibu: kimya. Nikaukanyaga kwa uzito wote: kwang. Nikakaza nati za injini, nikapima mnyororo, nikatikisa madigadi na ekzosi. Vyote vimetulia. Chuma kikigonga ndani ya injini utakisikia hata ukiizungusha polepole, hivyo ndivyo nilivyojua mimi, na hiki hakikutaka kusikika mpaka nikanyage kwa nguvu. Sikuelewa kitu.

Hapo mlango ukalia nyuma yangu, na sauti ya mkwe ikatoka, ikisema na kuku.

"Enyi kuku, mgeni angeangalia vizuri chombo chake kabla ya kuondoka."

Nilijua adabu yangu. Niliinamisha kichwa, nikakokota pikipiki mpaka upande wa pili wa ua, nikafungua boksi la spana, nikaendelea. Baada ya muda nikasikia fimbo ikigonga chini, polepole, na sauti ikaja tena karibu.

"Kuku, kuna kitu pale ambacho si cha mashine."

Nikadhani ananisema mimi. Nikaikokota tena mpaka njiani, jasho likinitoka, nikimshangaa mwanamke huyu ambaye mguu hauwezi kumfikisha Tabora lakini unamfikisha kila ninapokimbilia. Mara ya tatu hata sikungoja kuku waitwe. Nilisukuma pikipiki mteremkoni, ikawaka yenyewe bila kiki, nikaondoka bila kugeuka.

Njiani nikachanganyikiwa zaidi. Nikiwa nimekaa na injini inakwenda, hakuna mlio. Mchangani ikazimika, nikasimama kupiga kiki: kwang. Nikaketi, nikaenda: kimya. Ningefanya nini? Niliomba Mungu tu isizimike tena, na kila ilipozimika nilihisi kwamba nitafika nimechelewa, tena nina jibu baya.

Niliingia hospitalini jua likiwa bado juu. Nilimwambia mke wangu kama nilivyoambiwa, kwamba mguu unamuuma. Hakulia. Aligeukia ukutani, na mtoto akalia kwa niaba yake. Uji niliomwachia asubuhi ulikuwa umeganda kwenye bakuli.

Nilitoka nje nimefura. Nilipiga kiki mara moja, kwang, na sasa hasira zote za mkwe nilizokuwa nimezimeza zikapanda. Nikaipiga ile pikipiki ya watu teke. Ikaanguka ubavu, na chini ya kiti, kati ya springi na fremu, likachomoka furushi la kitambaa cha kanga lililolegea fundo.

Ndani kulikuwa na vikuku viwili vya shaba, vizito, vya kuvaa mguuni. Sasa nikaelewa kelele: niliposimama nipige kiki kiti kilipanda juu, vikuku vikaruka na kugonga fremu; nilipoketi, nilivibana. Mkwe alikuwa ameviweka nilipokuwa nakula, kwa kuwa asingeweza kunikabidhi mkononi, kisha akajikokota uani mara mbili kunieleza. Lakini kwa nini vikuku? Hilo sikulielewa hata kidogo.

Nikarudi ndani, nikamwekea mke wangu vikuku kifuani. Alivitazama. Kimoja kilikuwa kizima. Kingine kilikuwa kimekatwa kwa tupa, na ncha zake zimepanuliwa kwa nguvu. Akapitisha kidole kwenye mkato.

"Mayu hakuvivua hivi hata siku tuliyomzika baba," akasema. "Wamemkatia. Mguu umevimba kiasi gani?"

Nilikuwa uani kwake nusu ya mchana mzima. Nikamwambia sijui, sikuutazama.

Akakivaa kile kizima mkononi, kwa sababu mguuni hakikuingia.

"Kesho rudi ukamlete atibiwe hapa hapa. Na ukifika, mtazame."

Nikamuuliza mke wangu, mkwe atapandaje nyuma yangu kwenye pikipiki?

"Atakushika kiuno," akasema, akanyoosha mkono kuomba uji.