Karatasi za hitima zilizofungia viazi karai: kilichonitoa kwenye uchapaji Malindi

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, na kosa ni langu, kwa hiyo sina cha kupamba.

Nimetoka mbali. Nilizaliwa Webuye, harufu ya kiwanda cha karatasi ikiwa ndani ya nguo zetu. Kilipofungwa nikashika njia. Nakuru nikajifunza kupanga herufi za risasi moja moja, Nairobi nikaingia kwenye mashine za offset, Mombasa kidogo, mwisho basi likanishusha Malindi asubuhi na begi moja.

Akaniajiri Mzee Athman, mtu wa asili ya Lamu, mwenye duka la uchapaji.

Kwa wasiojua: offset haitoi kazi safi papo hapo. Unalisha karatasi kama arobaini huku ukirekebisha wino na maji, ndipo inakubali. Hizo za mwanzo tuliziita mabaki.

Kila siku nilimpa Mama Kache, mwenyeji wa Jilore aliyeuza viazi karai karibu na stendi, afungie.

Ijumaa moja tukachapa vitabu vya hitima. Bwana Salim alikuwa amefiwa na mamake, na kisomo kilikuwa baada ya alasiri.

Mzee akienda msikitini aliniambia mabaki ya leo niyaweke kando. Nikadhani anabana matumizi. Mama Kache alipopita, nikampa.

Mimi Mkristo, maandishi ya Kiarabu siyajui. Nilichokiona ni wino uliozidi upande wa kushoto, basi.

Mzee aliporudi akainama chini ya meza.

"Mabaki yako wapi?"

Nilipomwambia, alikaa chini taratibu. "Hiyo ni Yasini, maneno ya Kurani, mwanangu. Watu wanatoka msikitini sasa hivi. Kimbia."

Wakuu, nilikimbia. Nilijua nimelisha arobaini kamili. Mama Kache alibaki na thelathini na moja. Nilipomweleza, akaepua karai motoni, tukaanza kupita benchi kwa benchi tukiomba watu watupe karatasi, viazi wavishike mkononi.

Mtu wa boda akaniuliza, "Kwani hiyo ina namba ya bahati?" Wenzake wakacheka. Mimi jasho lilikuwa limefika kiunoni.

Tulipata thelathini na tisa. Moja hatukuiona.

Dukani tukamkuta Bwana Salim mlangoni, amefuata vitabu vyake, kanzu nyeupe, macho mekundu. Mzee alikuwa anamwambia mashine imesumbua kidogo. Alikuwa ananifichia, na jina la duka lake lilikuwa hatarini. Miaka yote familia za mji wa kale zilimwamini yeye na kazi hizi.

Ningeweza kunyamaza. Lakini zile karatasi zilikuwa kifuani pangu, zinanuka mafuta.

"Karatasi hizi nimezitoa mimi, Bwana Salim. Niliambiwa niziweke, sikuuliza kwa nini."

Mama Kache akasema nyuma yangu, "Na mimi ndiye niliyefungia viazi. Pole kwa msiba, mwanangu."

Bwana Salim alizipokea moja moja. Mwisho akaomba jembe.

Tulizizika uani kwa heshima, sisi wanne. Akachukua vitabu vyake, na mlangoni akamwambia Mzee, "Kazi zetu nitaleta. Lakini tafuta mashine isiyobakisha."

Mzee akanunua mashine ya digital. Unataka mia, zinatoka mia. Hakuna plate ya bati ya kupaka wino, hakuna mabaki, mikono misafi.

Nasikia Kilifi kuna nyumba zilizochapwa na mashine, ukuta unatoka kama dawa ya meno. Sibishi. Tunakoelekea hata meno tutachapiwa.

Lakini kwenye offset nilikuwa nasimama juu ya kila kazi, naitazama mpaka ikae sawa. Baada ya ile Ijumaa nilianza pia kuuliza: hii ni nini, inasema nini? Kwenye digital nilibonyeza tu.

Jioni moja mke wangu akaniuliza leo nimechapa nini. Nikamtajia idadi tu: mia tatu.

Kesho yake nikampa Mzee funguo. Akasema, "Kaa, mwanangu. Mashine hii haina kazi ya kuchosha."

Nikamwambia, "Hiyo ndiyo inayoniondoa, Mzee." Sijarudi tena Malindi.

Nililojifunza: ukiambiwa weka kando, uliza kwa nini.

Mlio kwenye uchapaji leo, semeni kweli: kazi iliyotoka kwenye mashine yenu mchana huu, mnajua ilikuwa inasema nini?