Mpera wa Kwenye Karai

Mpera wangu ulikuwa na miaka saba na bado haukuwa umenifikia magotini. Niliuotesha kwa mbegu ya mpera wa mama, kule kijijini Abuku, Koboko, nikaulea barazani kwangu mjini Arua ndani ya karai nililolitoboa kwa msumari. Kila mvua zilipoanza niliutoa, nikapunguza mizizi, nikafunga matawi kwa waya yapinde nitakavyo mimi. Bonsai, ufundi huo wa kudumaza miti, nilijifunza kwenye simu. Majirani walicheka, lakini mwaka jana ulizaa pera moja, dogo kama goroli, nikavimba kichwa.

Kisha mama akaja kutibiwa macho, akafikia kwangu. Jioni moja narudi kazini, nakuta karai tupu, limeoshwa na kuegemezwa ukutani. Mpera uko nyuma ya nyumba, umepandwa ardhini, umezungushiwa samadi. Waya zote amezifungua.

"Mti ilikuwa na njaa," akaniambia kwa furaha. "Na nani alifunga yeye hivi kama mwizi? Mimi nafungua."

Nilimfokea. Nilimfokea mama yangu mzazi mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri. Halafu, mbele yake, nikaung'oa mpera kwa hasira na kuusokomeza tena kwenye karai. Mizizi niliisikia ikikatika.

"Samahani, mtoto yangu," alisema. Asubuhi akapanda gari la Koboko, matibabu hayajaisha.

Ningeuacha pale alipoupanda, ungeishi. Mkulima ni yeye, si mimi. Majani yalikauka yote, nikautupa jalalani.

Alipopiga simu kuuliza hali ya mpera, niliona aibu, nikasema uko mzima. Tangu hapo kila siku ya soko ananitumia kwa dereva mfuko wa samadi ya mbuzi wake ili mti upate nguvu. Ameitwanga na kuipepeta, haina hata kokoto. Mama haoni vizuri, na nimemwachia kazi hiyo kwa ajili ya kijiti nilichokitupa. Mifuko naipanga nyuma ya mlango, moyo unanisuta kila nikipita.

Jana kapiga tena.

"Mti inakula?"

"Inakula, mama."

"Mungu asifiwe. Mimi nilikuwa naogopa, nasema nimeua mti ya mtoto yangu."

"Hapana, mama. Wewe hapana kuua kitu."

Kwa hilo tu sikumdanganya. Alicheka kwa raha, akaniambia mfuko mwingine uko njiani.