Hewa Iliyolala Shimoni

Mpaka naolewa, miaka ya hamsini, nilijua kwamba hewa si kitu. Debe lisilo na maji tuliliita tupu, na tupu ni tupu, nani abishane. Nilikuja kuzinduka kwa baba mkwe wangu huku Rugu, na nikiikumbuka siku ile mwili bado unanisisimka.

Nilitoka kwetu Isingiro nimefundwa barabara: mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hampi mkono, hakai kwenye mkeka wake, na akimwona anakuja njiani anajitoma migombani ampishe. Nilimwamkia kwa mbali nimepiga magoti, naye aliitikia akitazama pembeni. Akinihitaji alimwambia mama mkwe, hata kama nimesimama palepale nasikia kila neno. Mimi niliona kichekesho, ila adabu yangu niliishika.

Baba alikuwa hodari wa rubisi. Kanisani waliisema vibaya pombe hiyo ya ndizi, naye Jumapili alisikiliza kwa utulivu, Jumatatu akachimba shimo. Shimo lenyewe lilimfika mtu kifuani. Ndani lilitandikwa majani makavu ya mgomba, zikapangwa embire, zile ndizi za pombe, makaa yakawekwa pembeni, kisha juu likafunikwa majani mabichi na udongo ili joto lisitoke. Ndizi ziliiva humo. Siku ya kulifungua, majani yote huondolewa kwanza, shimo likaachwa lipigwe na upepo, watu wakaenda kunywa kahawa ndipo wakarudi.

Kiangazi kimoja baridi ilitushika vibaya, na ndizi zikagoma kuiva. Baba akaogopa kwamba akilifunua shimo lote, joto litatoroka na kazi yake itaharibika. Basi akainua upande mmoja tu wa majani, akajipenyeza na kijinga cha moto aongeze makaa. Mimi na mama tulikuwa tukimenya ndizi za mchana. Baba alikuwa na mazoea ya kuimba puani akifanya kazi, na ghafla wimbo ukakatika.

Mama akamwita kwa heshima, "Waitu! Mbona kimya?"

Hakujibiwa. Tukaenda. Nilipochungulia, nilimwona baba amekaa kama aliyechoka, kichwa kimeangukia bega, mkono mmoja umeegemea ukuta wa shimo. Hakuwa na jeraha. Hakukuwa na nyoka. Na kile kijinga kilikuwa kimezimika kando yake, wala hapakuwa na tone la maji. Hilo la moto kuzimika ndilo lililonimaliza nguvu. Kitu gani hiki kinachozima moto na mtu kwa pamoja, nacho hakionekani?

Tulirarua majani yote, tukapepea kwa yale mapana. Baba hakutikisika. Nikalala kifudifudi ukingoni, nikabana pumzi, nikanyoosha mkono.

"Mawe, mama wee! Usimguse!" mama akapiga kelele. "Ni mkweo!"

Mumewe anakufa mbele ya macho yake, na bado anakumbuka hilo!

"Mama, atakufa na heshima yake!" nikamjibu. Sijui mdomo ule niliupata wapi. Nikaudaka mkono wa baba, nikavuta. Mama akalia, kisha akajitupa kando yangu akashika wa pili. Tulimburuta mpaka juu kwenye nyasi, na baada ya muda ambao sitaki hata kuufikiria, akakohoa.

Mume wangu, mwalimu wa shule ya misheni Nyakasimbi, alipofika jioni alishika kichwa. Akanieleza kwamba makaa hutoa hewa yenye sumu, na ndizi zinazoiva nazo hupumua, zikitoa hewa ileile tunayoitoa sisi puani. Shimo likifunikwa, hewa hizo hazina pa kwenda. Ile ya ndizi ni nzito, hulala chini. Pumzi chache zaidi, alisema, tungekuwa tunachimba shimo jingine.

Kisha, ualimu ukiwa umempanda, akaendelea. Hewa hiyohiyo ya puani imo kidogo angani, imeizunguka dunia yote. Mwanga wa jua unaipita, lakini joto la ardhi likitaka kupanda usiku linazuiwa, kama majani yanavyozuia joto la shimo. Isingekuwepo, tungeganda. Na zamani za kale hewa ya dunia isingetufaa kabisa; ni vijimea vya majini vilivyoibadilisha, polepole, mpaka ikawezekana kupumua.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo na sisi tuko shimoni?"

"Tuko shimoni, ila lina nafasi."

"Na moto ukizidi? Hewa hiyo ikiongezeka?"

"Joto nalo litaongezeka. Wako wataalamu wanaosema hivyo."

Akamega tonge. Nilimkasirikia vibaya sana. Mtu anakuambia neno kama hilo huku anakula! Nilitoka nje nikatazama juu, na kwa mara ya kwanza maishani niliona mbingu iko karibu mno.

Baba alipona, lakini hakusema lolote. Si kwangu tu, hata kwa mama hakutaja mkono uliomvuta. Nikajua nimelikoroga. Niliwaza watanirudisha Isingiro, na nguo zangu nikaanza kuzikunja kimyakimya.

Mavuno mengine ya embire yakaja, shimo likajazwa, likafika siku ya kufunguliwa. Nilikuwa uani nikamwona baba anakuja moja kwa moja. Nikageuka nijitome migombani.

"Mwanangu," akaita.

Nikatazama nyuma nimwone anayeitwa. Hakuwepo mtu.

"Njoo usimame ukingoni," alisema, akinitazama usoni. "Nikianguka, usimngoje mtu. Nishike."