Pima Moja kwa Kidole Kimoja

Nilianza kuunda vyombo vidogo kwa sababu nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayeniita. Nasema hivyo bila haya. Watu wakikiona kile kitu kilicho juu ya kabati letu hudhani nilikianza kwa ajili ya mume wangu, ili nimliwaze, na akina mama wa kanisani wamenisifu kwa hilo mbele ya watu. Nawaacha wasifu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemchoka.

Mume wangu alikuwa mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu, na mkuu wa ikipe, yaani ile mitumbwi mitatu inayofungwa pamoja kwa miti mirefu na kuvua kama chombo kimoja. Ni mzaliwa wa Nyamyumba, kando ya ziwa, na ziwa ndilo lilikuwa ofisi yake. Kisha asubuhi moja alirudi kutoka kuvua, akaketi kunywa chai, kikombe kikamponyoka, na upande wake wote wa kulia ukalala. Mguu uliamka kidogo baadaye. Mkono haukuamka. Vidole vilijikunja kama mguu wa kuku ndani ya sufuria, vikabaki hivyo.

Mimi nafanya kazi ofisi ya sekta, serikali ya mtaa, dirishani. Mchana kutwa watu wananiinamia kwenye kioo, mama saini hapa, mama muhuri hapa. Jioni napanda mlima hadi nyumbani, namwogesha mtu mzito kuliko mimi, namfunga vifungo, namkatia nyama, namwinua kitini. Watoto wetu wako Kigali. Wakipiga simu Jumapili wanauliza Papa iko aje, nami nasema iko muzuri. Habari za mgongo wangu hakuna aliyeziuliza.

Mama wa mazoezi ya viungo, pale hospitali, alimpa mpira wa kuminya. Akamwonyesha jinsi ya kuvilaza vidole mezani kwa kuvikandamiza kwa mkono ulio mzima, kila siku, la sivyo vitakufa vimekunjwa. "Kamba hukata jiwe, muzee," alimwambia. Mume wangu aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Tulipofika nyumbani aliutupa mpira chini ya kitanda. Nilipomkumbusha aligeukia ukutani.

"Mi niko mutoto?" aliuliza.

Baada ya hapo hakusema tena mambo ya maana. Alikaa tu dirishani, akilitazama ziwa kwa chuki.

Kwa hiyo nilielewana na dada yake, mjane anayeuza sambaza kule Nyamyumba. Kila mwaka ziwa hufungwa kwa muda ili samaki wakue, na likifungwa wifi yangu hana kazi. Tukakubaliana: ziwa likifungwa, aje amchukue kaka yake akae naye, na kama mambo yataenda vizuri akae moja kwa moja. Nilimweleza mume wangu mwenyewe, nikiwa nimesimama na ndoo mkononi. Akasema, "Bon." Basi. Bora angenitukana.

Siku zile zile lilifika furushi la nguo kutoka kwa mdogo wangu aliyeko Ubelgiji. Yeye hununua chochote kilichoshushwa bei, na safari hiyo katikati ya masweta palikuwa na boksi lenye picha ya mashua ya uvuvi ya Ulaya, nyekundu, ina kibanda na mlingoti. Ndani yake vipande vya plastiki, vingi na vidogo, vimeshikana kwenye fremu, pamoja na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja. Nililiona lile boksi nikafurahi kwa sababu moja tu. Halikuhitaji kuogeshwa.

Jumamosi, niliporudi kutoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, nilitandika gazeti mezani nikaanza. Lo, nilivyokosea! Vipande vya kwanza nilivizungusha kwa vidole mpaka vikang'oka na ngozi ya fremu. Baadaye nikajifunza kukata kwa kikata kucha na kusawazisha kwa tupa ya kucha. Gundi niliimwaga kama mafuta ya kukaangia, ikaacha alama za vidole vyangu kwenye ubavu wa mashua na ukungu kwenye vidirisha. Rangi sikuwa nayo, nikapaka rangi ya kucha. Ilipokuwa mbaya nikaifuta kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na plastiki ikayeyuka mbele ya macho yangu. Usukani uliruka ukaingia chini ya kabati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami niliinama, na kuinuka ndiko kulikonishinda.

Hapo nikiwa sakafuni nikasikia sauti ya mume wangu.

"We unatengeneza nini pale?"

"Bwato."

"Zingine mbili iko wapi?"

"Zingine gani?"

"Bwato moja itavua nini? Itavua majani."

Akacheka, kwa ule upande mmoja wa mdomo unaocheka. Nilikasirika sana. Muda wote ule kinywa kilikuwa kimefungwa, na kinapofunguka ni kunicheka mimi niliye chini ya kabati. Nikamwambia, basi, kama wewe ndiye fundi, sema ya kwako inakuwa namna gani.

Akasema. Alisema mpaka chai ikapoa. Mitumbwi mitatu ubavu kwa ubavu, sawasawa, hata mmoja usiuzidi mwenzake, kwa sababu ukizidi ikipe itavutwa upande huo na watu watapiga makasia wakizunguka. Miti ya kuunganisha, hii hapa na hii hapa. Mirefu ya mbele na ya nyuma inayobeba wavu. Nilisikiliza nusu. Lakini ile mashua nyekundu nilikuwa nimeshaiharibu, na bado nilitaka kitu cha kufanya kila Jumamosi mpaka siku ya wifi.

Ubishi ulianza kwenye vipimo. Nilimweleza kilichoandikwa kwenye boksi, kwamba mashua ya kweli ni ndefu mara sabini na mbili kuliko hii ndogo, na kila kipande chake vivyo hivyo. Alinitazama kama ninayemhubiria.

"Sisi tunapima na pima," alisema, akanyoosha mikono kunionyesha. Uliotoka ni mkono wa kushoto peke yake. Nusu ya pima ikabaki imelala pajani. Aliiona, nami niliiona, tukaendelea. "Mutumbwi ni pima ine. Donc, pima moja, kidole moja."

"Kidole ya nani?"

Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi, kisu huku na penseli huku. Akaunyanyua ule mkono uliokufa kwa kuushika kifundo, kama mtu anayebeba kitu cha jirani, akauweka mezani.

"Chukua hii. Haina kazi ingine."

Ikawa hivyo. Kwa jirani yetu seremala niliomba mabaki ya triplex, mbao ile nyembamba ya dari. Mume wangu aliweka kidole cha kati juu ya ubao, akakikandamiza kwa mkono wa kushoto kadiri kilivyokubali kulala, nami nikachora mstari kwenye ncha. Kisha tena. Vidole vinne, mtumbwi mmoja. Hakikulala chote, kilibaki na mgongo kama paka. Jasho lilimtoka. Sikufikiria mazoezi hata kidogo, nilifikiria penseli.

Mitumbwi miwili ilipatikana, wa tatu ukanipasukia. Nilikuwa nimetoka kazini na kichwa kinagonga, nikakunja ubao mkavu kwa nguvu, ukalia ta! mkononi.

"Mi nachoka!" nikapiga kelele.

"Triplex nayo inachoka," akajibu. "Ipe maji ya moto."

Alisema kweli, ikilowekwa inakunjika. Lakini ubao mwingine wa urefu ule sikuupata, mtumbwi wa tatu tukauweka kiporo, tukaendelea na mengine. Na mengine yalikuwa mengi. Kila ubao wa kukalia, kila kasia, kila mti ulipimwa kwa kidole kile kile, nusu kidole, kidole na kucha. Miti tuliifanya kwa vijiti vya brosheti, yaani mishkaki, nilivyookota kwenye baa ya pale kona, nikavichemsha vikaacha kunuka mbuzi. Nilitaka kuvigundisha. Alikataa, gundi inakufa wimbi la kwanza, ikipe inafungwa kwa kamba ili iweze kucheza. Nikafunga kwa uzi, ncha moja ikiwa kwenye meno yake. Wavu niliukata kwenye chandarua kilichotoboka, na hapo alishtuka kwelikweli.

"Moustiquaire ziwani? Watatukamata!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nisidanganye mtu. Jumatatu ilirudi na ndoo zake, na begi lake nilianza kulipanga, shati moja moja. Wakati mwingine nilimwogesha bila kumtazama usoni.

Ziwa lilifungwa. Wifi akatuma habari kwamba anakuja Jumamosi na gari la mtu wa kwao. Wiki hiyo seremala akanipa ubao. Ijumaa tukaupima, nikaukata, nikaukunja kwa maji ya moto, nikaugundisha. Nia yangu ilikuwa chombo kimalizike ili akibebe aende nacho Nyamyumba. Nilijiambia itakuwa zawadi. Nafikiri nilitaka aondoke na kitu mkononi ili nisione anaondoka mikono mitupu.

Wifi aliingia tukiwa mezani. Gari lilingoja nje injini ikinguruma, begi likiwa mlangoni. Nikamwomba asubiri kidogo, tufunge tu hii mitumbwi. Nikaiweka ubavu kwa ubavu, kama alivyonifundisha.

Wa tatu ulichomoza mbele. Si kidogo, upana wa kidole gumba kizima.

Sijui hasira ile ilitoka wapi. Labda ilikuwa ya ndoo. Nilimwambia ameharibu, ameharibu siku ya mwisho, Jumamosi zangu zote, kitu kimoja tu nilichokuwa nacho.

"Nilipima na kidole ileile," alisema polepole.

"Kidole yako inadanganya!"

Nikaushika ule mkono, bila upole, nikauweka juu ya mtumbwi wa kwanza, kwenye mstari wa pima ya kwanza, ili aone kosa lake kwa macho yake. Nikakandamiza. Kidole kikalala. Ncha ikapita mstari.

Nikakirudisha, nikapima tena. Ikapita tena. Nikajaribu pima ya pili, na ya tatu, na kila mahali ilipita, kiasi cha punje ya mchele. Mistari ile niliichora mwenyewe kwa penseli yangu, siku ambayo kidole kilikuwa na mgongo wa paka. Mitumbwi miwili ya kwanza ilipimwa kwa kidole kilichokunjwa. Wa tatu ulipimwa jana. Katikati hapo kuna makasia, vijiti na mbao za kukalia, na kwa kila kimoja alikilaza kidole kile akitoka jasho, wala hakuna aliyemwambia ni mazoezi.

"Yewe," wifi alisema nyuma yangu, "inafunguka."

Watu wangependa niseme nilifurahi. Kilichonijia kwanza kilikuwa woga. Mkono uliokufa unamwacha mtu apumzike, umekufa, umekwisha. Mkono unaofunguka punje ya mchele unataka mtu wa kukaa nao, siku baada ya siku, miaka pengine, na nilijua mtu huyo ni nani. Nikaketi. Nilimtazama mume wangu. Yeye hakunitazama mimi wala begi. Alikitazama kidole chake, macho yamemjaa maji, kama mtu aliyepewa habari za nduguye aliyepotea.

"Muramukazi," wifi akaniita taratibu, yaani wifi yangu, "voiture inangoja. Tunaenda ao hatuendi?"

Mume wangu akausogeza mtumbwi wa kwanza upande wangu.

"Hii na ya pili iko fupi," alisema. "Tukate zingine."

"Hatukati kitu. Tunaifunga hivi hivi."

"Itazunguka."

"Wacha izunguke."

Akatafuta ncha ya uzi, akaiweka kwenye meno. Nikamgeukia wifi. "Ambia mwenye voiture aende zake. Weye kaa, unywe chai."

Tulifunga mpaka fundo la mwisho. Kisha nikaenda mlangoni nikafungua begi, nikatoa shati, maana lile alilovaa lilikuwa limejaa gundi. Vifungo nilivifunga mimi, kama kawaida.