Aliyevunja Sanamu ya Bibi Jirani

Paa! Usiku wa manane, katikati ya lokdauni, nikamkumbatia mwanangu nikidhani mlango wetu umevunjwa. Kulipokucha nikachungulia: yule bibi wa Kihindi, jirani yetu hapa Doonside, ughaibuni tulikopokewa kama wakimbizi, anaokota vipande vya sanamu barazani pake, huku akiwasogeza sisimizi kwa ufagio laini asije akamuua hata mmoja. Dini yake ya Kijaini haimruhusu.

Alishanieleza ile sanamu: ni mfano wa jitu la jiwe lililochongwa kale juu ya kilima huko India, mtakatifu wao aliyeacha kila kitu, hata nguo, akasimama akitafakari mpaka mimea ikamtambaa miguuni.

Jioni, mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi, anakaa ghorofa ya juu, akaninong'oneza ngazini, barakoa kidevuni: "Ni mimi niliyeiangusha, dada. Mtu uchi mbele ya watoto! Ndiyo maana korona haiondoki."

Nikamkemea: "Wewe! Tulipokimbilia kambi ya wakimbizi, ulibeba sanduku la nguo? Leo unamvunja aliyeziacha kwa hiari yake? Na mwanangu halali tena!"

Akanishika mikono yote miwili, korona kaisahau. "Usimwambie mtu, dada. Wenye nyumba watanifukuza."

"Nenda kamwombe bibi radhi, nami nitanyamaza."

Wiki imepita, yule mama hajabisha hodi kwa bibi. Bibi bado anaunganisha ile miguu ya sanamu kwa gundi. Basi nimewaambia ninyi wasomaji tu. Naahidi, sitamwambia mtu mwingine.