Sala niliyoombwa kufungia shauri la Kabula

Wapendwa wa Magu, hamjambo? Homa zimepungua huko?

Mimi leo nimemwombea mtu mpaka akatoka jasho.

Kabula, binti wa mdogo wangu Vero, juzi alichomwa sindano ya malaria kwenye zahanati moja ya binafsi. Tangu hapo mguu anauburuta.

Mchana huu mwenye zahanati, ndiye daktari aliyemchoma, kaja nyumbani na wazee wawili wa kanisa, na kreti ya soda.

"Haya ni mapenzi ya Mungu, mama. Yaishie hapa," akamwambia Vero.

Vero analia tu. Mzee mmoja akanigeukia: "Mama Paulo, tufungie kwa sala."

Jamani. Nikifunga, shauri limekwisha. Nikikataa, nimekataa kuomba mbele ya wazee.

Nikasimama, nikafumba macho.

"Bwana, ulimwona mtoto huyu akiingia kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Ulimwona mama yake aliporudi kuuliza, akafukuzwa. Mguse ndugu yetu, kesho ampeleke Kabula hospitali ya mkoa, aeleze kwa kinywa chake alichofanya."

Mtu akakohoa. Lakini nani atakatiza sala?

Wazee wakaitikia Amina. Nami sifumbui macho, namngoja daktari.

Mzee akamwambia, "Daktari, hujaitikia."

Akaitikia, kwa sauti ndogo sana.

Asubuhi tunampitia. Vero anasema daktari hatatoka. Asipotoka, tutakwenda wenyewe kumshtaki kwa mganga mkuu wa mkoa.

Je, nilikosea kuomba vile? Nijibuni upesi, tafadhali.